Jordani Hasalimii Mtu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimegundua kinachoninyima Apolonia. Ni adabu yangu.

Ushahidi ninao. Jana baada ya mazoezi ya kwaya wasichana walikaa kwenye ngazi za kanisa, vichwa vimegusana juu ya simu moja. Walikuwa wanasoma ile simulizi ya Jordani, inayoletwa kwenye kundi lao la WhatsApp kipande kwa kipande. Mimi napita na spika ya kwaya begani. Apolonia akashika kifua, akasema jamani huyu Jordani ataniua. Nikawauliza kama wanahitaji maji ya kunywa. Hakuna aliyenisikia! Jordani hayupo duniani na anasikika, mimi nipo na spika begani na sisikiki.

Apolonia anaondoka mwisho wa mwezi kwenda Mwanza, chuo cha uuguzi. Nimempenda tangu tukiwa sekondari. Hajui. Akipanda lile basi bila kujua, nimekwisha. Huko Mwanza kuna wanaume wa kila aina.

Kwa hiyo jana hiyo hiyo nimeomba simulizi nzima nikaisoma. Sehemu zisizo na pikipiki nimeziruka ili kuokoa bando. Jordani ni mwanafunzi wa Dar es Salaam, kauzu kupita kiasi. Ana koti jeusi la ngozi na kovu juu ya nyusi. Anaegemea kuta. Hacheki. Hasalimii mtu! Walimu wanampita, watu wazima wanampita, yeye kimya. Na wasichana wanadondoka kama maembe.

Sasa nitazame mimi, Onesmo, miaka ishirini, muuzaji wa duka la pembejeo la Mama Lukresia, ambaye pia ni mwenyekiti wa kwaya na wa jumuiya yetu. Mama Lukresia huniita mtoto wa mfano mbele za watu. Wa mfano! Nani alishawahi kupendwa kwa kuwa mfano?

Na kuna hatari nyingine. Joakim, mpiga kinanda wetu, ana pikipiki tayari, na tangu juma lililopita haongei na hacheki. Ameanza kabla yangu, mshenzi yule.

Kuanzia kesho mimi ni mhuni.

Jumanne, 9 Septemba

Koti limepatikana mnadani. Jeusi, la ngozi. Muuzaji ameapa ni ngozi ya Ulaya. Vifungo viko upande wa kike lakini nani atachunguza?

Jua la Bariadi halijui habari za makoti. Kufika saa sita nilikuwa nimelowa mpaka soksi. Isitoshe, ngozi ya Ulaya imeanza kubanduka vipande vipande, vimejaa shingoni na kwenye mizani ya duka. Mteja mmoja kauliza kama hii ndiyo mbegu mpya ya pamba.

Nimeegemea ukuta wa duka kwa muda mrefu, mguu mmoja nimeukunja, macho nimeyafinya. Apolonia alikuwa apite kwenda sokoni na alipita kweli. Akanitazama! Moyo ulinilipuka. Kabla hajasema kitu, Mama Lukresia akatoka ndani akaniuliza kwa sauti kama mgongo umeanza tena, na kama ile dawa ya kuchua aliyonipa Pasaka imekwisha. Apolonia akasema pole Onesmo. Akaenda zake.

Pole. Jordani hajawahi kupewa pole na mtu yeyote.

Koti peke yake halitoshi. Inabidi niguse kitu chenyewe. Inabidi nisisalimie.

Nimeandika sentensi hiyo, kisha nimefunga mlango.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimefanya!

Asubuhi nimetoka chumbani, Mama anafagia uwanja. Kila siku ya maisha yangu nimesema Mwangaluka mayu, yaani umeamkaje mama, naye akaitikia, tukaulizana usingizi, tukaulizana kuku, ndipo siku ikaanza. Leo nimempita kimya. Jordani mtupu! Nilikuwa nimefika kwenye geti nikagundua sisikii ufagio. Nikageuka. Mama amesimama katikati ya uwanja, ufagio mkononi, kama mtu aliyesikia bomu likianguka akawa anangoja kuona limeangukia nani.

Nilitaka kurudi. Sikurudi.

Dukani ikawa mbaya zaidi. Akaja mzee kutoka Shishiyu, anatafuta dawa ya kuogeshea ng'ombe. Akasimama mbele ya meza akingoja nimwamkie. Nikatazama dari. Akakohoa. Nikatazama dari. Basi mzee yule, mwenye mvi mpaka kwenye masikio, akaniamkia yeye mwenyewe! Mimi! Mzee mzima! Nilitamani sakafu inimeze na ndoo zangu za dawa.

Sikujibu. Mzee akavua kofia taratibu, akaniuliza kwa upole msiba uko wapi. Nikabaki kimya, maana Jordani hajibu. Akatikisa kichwa, akasema ameelewa, msiba wa karibu humfunga mtu mdomo. Akafungua kifurushi chake, akaniwekea mezani michembe ya kutosha familia, akasema tuwapikie wafiwa. Akaondoka bila dawa ya ng'ombe.

Mhuni gani anapewa viazi vikavu vya rambirambi? Nimevificha nyuma ya mifuko ya mbolea. Mama Lukresia kavikuta na kauliza. Sikumjibu na yeye pia. Kapandisha miwani na kachukua simu.

Ijumaa, 12 Septemba

Habari imezagaa. Sisemi imezagaa kwamba mimi ni mhuni. Imezagaa kwamba mimi ni mgonjwa.

Nimerudi nyumbani saa tisa nikakuta viatu vya kina mama vimejaa mlangoni. Jumuiya nzima! Mama Lukresia katikati na rozari. Nikakalishwa kwenye kigoda. Nilijaribu kuegemea ukuta kihuni, wakaona naanguka, wakanidaka wanne. Rozari yote ikasaliwa huku mikono ikiwa juu ya kichwa changu, na koti halikuvuliwa, maana Mama alisema mtoto ana baridi, si mnaona amevaa koti kwenye jua hili? Kila mtu akaona. Kila mtu akasikitika.

Lakini sasa, sikiliza! Nani alikuwa miongoni mwao? Apolonia! Alipiga magoti mbele yangu. Akanishika mkono. Kwa hiari yake! Akanitazama machoni kabisa, kwa wasiwasi, hivyo hivyo kama yule msichana anavyomtazama Jordani pale hospitalini. Nilijiambia Onesmo, umeshinda.

Kumbe alikuwa anahesabu mapigo ya moyo. Akauliza mapigo yako yanakwenda mbio hivi tangu lini? Nitajibuje hapo? Akauliza nimekwenda choo lini mara ya mwisho. Mbele ya jumuiya nzima! Mama akamjibu kwa niaba yangu, na kwa maelezo marefu.

Wakanipeleka zahanati. Kipimo cha malaria kikaonyesha sina kitu. Nimepumua, maana nilishaanza kuhisi kichwa kinauma kweli. Mama hakupumua. Alisema kama si malaria basi ni jambo baya zaidi, akampigia baba mkubwa kule Dutwa. Baba yangu yuko kazini stesheni ya Malampaka, huja mwisho wa mwezi, na mambo ya ukoo yakiharibika huwa ni ya baba mkubwa Ndalahwa.

Joakim pia alikuja, akasimama mlangoni na miwani yake ya jua. Hakusema neno. Wasichana wawili walimtazama kuliko walivyonitazama mimi mgonjwa. Nilichukia mpaka mapigo yakaongezeka.

Jumamosi, 13 Septemba

Baba mkubwa Ndalahwa amefika na kuku mweupe kwapani.

Ametoka Dutwa kwa baiskeli na kuku yule yule kwapani njia nzima. Mama kamwambia hii ni nyumba ya Kikristo, hakuna kuku atakayepasuliwa hapa kutazamwa matumbo kwa ramli. Baba mkubwa kasema na yeye ni Mkristo, kabatizwa kabla ya Mama kuzaliwa, ila mtoto asiyesalimia si kazi ya kipimo cha kidole. Kasema ameona vijana walevi wakisalimia. Ameona mwizi wa ng'ombe, amefungwa kamba, anasalimia kwanza ndipo anakana shitaka. Kwa hiyo huyu wa kwetu kuna kitu kimemkalia kwenye ulimi.

Wamebishana mpaka chai ikapoa. Kuku amefungwa kwenye mguu wa kitanda changu wakati wakiendelea kubishana. Ananitazama. Nadhani yeye peke yake ndiye anayejua ukweli.

Mwisho wakakubaliana jambo moja, na ni baya kuliko yote: Alhamisi baba mkubwa anakwenda na mimi Dutwa. Nitachunga ng'ombe zake mpaka ulimi ufunguke. Atanirudisha mvua zikianza.

Mvua zikianza! Apolonia atakuwa ameshaondoka! Atakuwa Mwanza amevaa sare nyeupe na anachekeshwa na madaktari, mimi niko Dutwa nafuata mikia ya ng'ombe nikiwa na koti la kike!

Ningeweza kufungua mdomo sasa hivi na kusalimia na mambo yakaisha. Lakini nikisalimia leo narudi kuwa mtoto wa mfano, na Apolonia anaondoka hivyo hivyo. Hapana. Kesho ni Jumapili. Kuna ile sehemu ambayo wasichana wote wameituma na vikopakopa chini yake: Jordani anafika na pikipiki getini, watu wote wanatazama, anamwambia msichana neno moja tu. Panda. Na msichana anapanda!

Neno moja. Hilo naliweza.

Jumapili, 14 Septemba

Siwezi kukaa vizuri. Naandika nimelala kifudifudi.

Nilimwomba Joakim pikipiki. Nilitegemea atanitukana. Akaitikia kwa kichwa tu, akanipa ufunguo, hakuuliza chochote. Uhuni wake umekomaa, lazima nikubali.

Kuendesha ninajua kiasi. Kupunguza mwendo ndiko sijui sana. Mazoezi ya kwaya yalipokwisha nikaja na vumbi la kutosha, nikasimama mbele ya ngazi za kanisa, nikanusurika kumgonga paroko kwa rehema za Mungu. Wote wakatazama. Apolonia alikuwa ngazi ya pili, kitenge cha bluu. Nikafinya macho. Nikasema, kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bafuni: Panda.

Mama Lukresia akapanda.

Alishuka ngazi zote kwa haraka isiyolingana na mwili wake, akanipangusa vumbi, akasema Mungu ni mwema, mtoto kaongea! Akakaa nyuma na kapu lake, na mwavuli, na kinubi kidogo cha kwaya kinachopelekwa kutengenezwa. Pikipiki ikazama. Ningefanya nini? Jordani asingeshuka. Nikaondoka.

Alinishika kiunoni akaanzisha wimbo wa shukrani sikioni mwangu. Beti zote sita. Njia ya kuelekea Nyakabindi ndiyo pekee iliyonyooka, nami sikujua kukata kona na mzigo ule, basi tukanyooka nayo tu. Tukapita nyumbani kwake. Akanionyesha nyumba kwa mwavuli. Tukaipita. Tukafika mahali mafuta yakaisha, na ndipo tukasimama, ndani ya mtaro, polepole, bila kuumia sana.

Tumerudi kwa miguu. Mimi nasukuma pikipiki, yeye ananipa mawaidha. Nguo yake nyeupe ya kanisani mgongo wa koti langu umeipaka magamba meusi kifua kizima, na hakulalamika hata kidogo, alisema ni alama ya ugonjwa unaotoka. Mwanamke yule ana moyo mzuri. Nilitamani kumwambia ukweli nikashindwa.

Tumefika kanisani jua linazama. Na nimekuta nini? Joakim kakaa kwenye ngazi, kafumbua mdomo, na Apolonia kaushika uso wake kwa mikono miwili! Anamtazama ndani kwa mwanga wa simu!

Basi. Nimeshindwa na mhuni halisi. Nilirudisha ufunguo bila kusema neno, na kwa mara ya kwanza sikuwa naigiza.

Jumatano, 17 Septemba

Siku tatu sijaandika. Nilikuwa nangoja Dutwa kama mtu anayengoja sindano.

Leo saa kumi mzigo wangu ulikuwa umefungwa. Baba mkubwa amekaa uwanjani na kuku wake, Mama na Mama Lukresia wamekaa upande wa pili na rozari zao, hawaongei. Mimi nimekaa chumbani na koti. Apolonia akaingia mpaka mlango wa chumba, akasimama hapo, akaniambia niache upuuzi.

Nikafinya macho.

Akasema hata hayo macho niache, naonekana nimeingiwa na pilipili. Akasema Jumapili kanisani aliposikia neno Panda ndipo alipoelewa yote, koti, ukuta, kimya, kila kitu, na kwamba yote ni kwa ajili yake. Akasema alikimbilia nyuma ya sakristia akacheka mpaka akakaa chini. Na hapo mlangoni akaanza upya! Alicheka akashika fremu ya mlango. Nilitaka kufa. Halafu, sijui kwa nini, nikaanza kucheka na mimi, na ilikuwa kama kuvua koti.

Nikamwuliza basi Joakim? Akasema Joakim ana jino limeoza, halali wala hali, ndiyo maana haongei. Amemwambia aende hospitali likang'olewe. Jino! Nimemwonea wivu mtu mwenye jino bovu!

Nikamwuliza na Jordani je? Si alisema huyo atamuua? Akasema ndiyo, anampenda Jordani sana, kwa sababu Jordani yuko ndani ya simu. Akimkera anamzima. Akasema angekuwa mtaani kwao, anapiga teke milango ya watu na hasalimii, angekuwa amepigwa vibao tangu sehemu ya tatu, na mama yake Apolonia ndiye angeanza. Akasema wanaume wa namna hiyo anawajua, shangazi yake aliolewa na mmoja, na hana koti la ngozi wala kovu, ana mdomo mchafu tu. Hapo hakucheka.

Halafu akaniuliza ni sehemu gani ninadhani iliwaliza pale kwenye ngazi. Nikasema ya pikipiki. Akasema hapana! Ni ile Jordani, asiyesalimia mtu tangu mwanzo, anapofika kwa bibi wa yule msichana. Anavua koti. Anainama. Anamwamkia bibi kwa mikono miwili, anamwuliza alivyolala. Wasichana wote walilia hapo. Akasema mtu mkali na watu wote, halafu mbele yako analainika, nani hataki? Lakini kulainika ndiko kunakopendwa, ukali tunauvumilia tu tukingojea huko kulainika.

Sehemu hiyo sikuisoma. Haikuwa na pikipiki.

Akasema sasa nenda nje ukawaondolee wazee wako mashaka. Nikavua koti. Nikatoka. Nikapiga goti mbele ya baba mkubwa Ndalahwa, nikasema Mwadila baba, salamu yetu ya jioni. Sauti ilikwaruza. Nikamwuliza mhola, yaani habari za uzima, nikamwuliza ng'ombe, nikamwuliza visima vya Dutwa kama vina maji, nikamwuliza mama mkubwa na goti lake, nikamwuliza baiskeli. Nilisalimia kama mtu mwenye njaa anavyokula. Kisha nikamgeukia Mama. Mwadila mayu. Alifunika uso na kanga. Ndipo nilipojua nilichokuwa nimemfanyia, na nilijisikia vibaya sana. Kisha akaitikia, na uwanja mzima ukapumua.

Baba mkubwa akasema kuku amefanya kazi hata bila kupasuliwa, kwa kumtazama tu. Mama Lukresia akasema ni rozari. Mama akasema ni vyote na asibishane mtu. Kuku akaliwa na pande zote mbili, kwa michembe ya mzee wa Shishiyu. Apolonia alipewa paja.

Siendi Dutwa! Nimelala kitandani natazama mguu wa kitanda usio na kuku, na sijawahi kuwa na raha hivi.

Jumamosi, 20 Septemba

Maisha matamu. Leo nimesalimia watu mpaka sauti imenikauka. Mzee wa Shishiyu kaja tena kuchukua dawa ya ng'ombe, nikamwamkia mara mbili, akanipa pole ya msiba tena, nikapokea. Ningeanzia wapi kumweleza?

Joakim kang'olewa jino. Sasa anacheka ovyo na anaongea bila kituo, hasa habari za jino lenyewe. Anatembea nalo kwenye kiberiti. Wasichana wakimwona wanabadili njia. Nimeanza kumpenda sana.

Koti kaondoka nalo baba mkubwa. Alisema litamfaa kwenye baiskeli asubuhi, upepo wa Dutwa ni mkali. Leo Mama kapigiwa simu kwamba baba mkubwa ameonekana gulioni na koti jeusi, kaegemea ukuta wa mashine ya kusaga, na wajane wawili wamemletea togwa. Miaka sabini na moja! Hata hakufinya macho!

Apolonia kasema naweza kumbebea tranka lake stendi Ijumaa ijayo. Alisema mimi. Hakusema mtu yeyote. Mimi.

Ijumaa, 26 Septemba

Ameondoka.

Nilibeba tranka kutoka kwao mpaka stendi kichwani, njia nzima, na nilimsalimia kila mtu tuliyekutana naye nikiwa nalo, jambo gumu kuliko linavyosikika. Nikamwamkia mama yake. Nikamwamkia mjomba wake. Nikamwamkia kondakta, ambaye alishangaa akanipa nafasi nzuri ya tranka.

Basi lilipowashwa Apolonia akafungua dirisha, akaniita. Nikasogea. Akasema, kwa maneno haya haya, Onesmo, usibadilike. Akasema atakuwa ananiandikia kila Jumapili. Halafu akanipa mkono dirishani, na safari hii hakuhesabu mapigo. Nina hakika. Nilimtazama vizuri na midomo yake haikuwa inahesabu.

Basi likaondoka, na mimi nikabaki nimesimama kwenye vumbi lake nacheka peke yangu. Anajua! Kaondoka anajua! Kilichokuwa kinaninyima usingizi mwezi mzima kimekwisha, na nimeruhusiwa kubaki hivi nilivyo. Nimerudi nyumbani natembea polepole, kila kitu mwilini kimelegea. Mama kaniuliza habari za safari ya mwenzangu. Nikamsimulia yote, akanipa ukoko wa wali.

Sitafanya hila tena maishani. Sina haja nayo.

Jumapili, 28 Septemba

Apolonia ameandika!

Kafika salama. Chuo kizuri, chakula maharage, samaki siku ya Ijumaa. Wanalala sita chumba kimoja. Anasema wenzake wamemwonyesha simulizi mpya, tamu kuliko ya Jordani. Kuna mwanaume kapata ajali, kapoteza kumbukumbu zote. Hajui jina lake, hajui kwao, hajui mama yake. Na kuna muuguzi mwanafunzi anayemfundisha maneno upya, moja baada ya jingine. Anasema jana usiku chumba kizima kililia.

Nimesoma ujumbe huo mara nyingi.

Muuguzi. Mwanafunzi! Hivi mtu anaweza kuandika hivyo bahati mbaya tu? Hakuna. Hapo kuna ujumbe ndani ya ujumbe.

Najua aliniambia nisibadilike. Nimelifikiria hilo kwa makini. Lakini mtu aliyepoteza kumbukumbu hajabadilika. Ni yule yule, kasahau tu. Na mgonjwa wa namna hiyo hatibiwi zahanati ya hapa, anapelekwa Mwanza. Kwa gari! Simulizi hiyo pia nimeiomba, na safari hii nimesoma kila sehemu, hata zisizo na pikipiki. Hakuna nilichoruka.

Jioni hii nimefanya jaribio dogo. Mama kaleta ugali na dagaa, kakaa, kaninawisha. Nimemtazama usoni kwa upole, nikamwuliza kwa heshima zote yeye ni nani.

Ameweka bakuli chini. Sasa yuko uwanjani anafunga kanga kwa haraka na simu iko sikioni. Nasikia anamwamkia baba mkubwa, anamwuliza ng'ombe, anamwuliza visima. Sasa anamwuliza kama kuna kuku mweupe mwingine.